Tairi la Theluji Kwenye Lami ya Kisumu

Maandishi ya mazungumzo ya elimu kwa umma kuhusu uchaguzi wa matairi, kwa wamiliki na madereva wa magari ya kibinafsi, kabla ya msimu wa mvua



Mada ya leo ni matairi, hasa ya magari yenye kasi ambayo vijana wengi wa kaunti hii wanayapenda. Wengi wao wanazitaka Subaru. Impreza, WRX na Forester yenye turbo zimejaa Milimani, Kondele na Mamboleo, na wikendi zinaonekana zikielekea Dunga kula samaki. Mapenzi hayo yana historia. Subaru ilishinda Safari Rally mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae, ikashinda tena mwaka 2000 mikononi mwa Richard Burns. Mtoto aliyesimama kando ya barabara miaka hiyo akirushiwa matope leo ana mshahara, na ndoto yake inauzwa mnadani Japani kwa bei anayoweza kuimudu akijibana.

Gari hilo linaposhushwa Mombasa, mwenyewe hukagua injini, rangi, viti na redio. Matairi huangaliwa mara moja tu. Yana meno marefu, hayana nyufa, hayajaliwa upande mmoja. Fundi naye anayapiga teke na kusema, “Hizi bado sana, bosi.” Gari linasajiliwa na kuja Kisumu kwa matairi yale yale. Hakuna aliyesoma ubavuni, ambako pengine pameandikwa kwa herufi kubwa neno STUDLESS.

Neno hilo lina maana kubwa kuliko rangi ya gari. Kule Hokkaido na kaskazini mwa Japani, theluji hufunika barabara miezi kadhaa kila mwaka. Zamani madereva wa huko walitumia matairi yenye misumari ya chuma iliyouma barafu. Misumari ile ilikwangua lami mpaka vumbi lake likawa tatizo la afya mijini, na mwaka 1990 Japani ikatunga sheria ya kuyadhibiti. Watengenezaji wakaja na tairi lisilo na misumari, lenye mpira laini sana na mikato myembamba mamia kwa mamia kwenye kila jino, ili lishike barafu kwa ulaini wake. Ndilo studless. Familia nyingi za huko zina seti mbili za magurudumu, moja ya kiangazi na moja ya theluji. Gari likiuzwa wakati limevaa seti ya theluji, linaweza kusafirishwa nayo hadi huku.

Hilo si kosa la muuzaji wa Japani. Ameuza gari lenye viatu vya kwao. Lakini kiatu hicho hakina kazi Kisumu.

Wataalamu wa matairi hutumia nyuzijoto 7 kama mpaka. Hewa ikiwa baridi kuliko hapo, mpira wa tairi la kawaida la kiangazi huanza kuwa mgumu na kupoteza mshiko, na tairi la theluji ndipo linapokuwa na faida. Sasa pima hali ya hapa. Mji wa Kisumu uko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na Ikweta inapita jirani tu, pale Maseno. Mchana joto hufika nyuzi 28 hadi 31 karibu mwaka mzima. Alfajiri ya baridi kabisa mtu akivaa sweta hapa, kipimajoto bado kiko mbali sana na 7. Na lami nyeusi iliyokaa juani tangu asubuhi huwa na joto kuliko hewa iliyo juu yake, kama anavyojua yeyote aliyewahi kuivuka pekupeku saa nane mchana.

Kuna watakaouliza kuhusu safari za Nairobi usiku kupitia Londiani, au Timboroa kwa anayekwenda Eldoret. Ni kweli, huko juu baridi ya alfajiri inauma, na Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Lakini mawe yale huyeyuka baada ya muda mfupi, na dereva mwenye akili husimama mahali salama yakipita. Huwezi kuvaa koti la sufi mwaka mzima Kisumu kwa sababu ya nusu saa ya Timboroa.

Tairi la theluji likikimbizwa kwenye joto la huku, mpira wake ulio laini kupita kiasi hupinda na kujikunja kila unapogusa lami. Kule kujikunja huzalisha joto, na joto hulainisha mpira zaidi. Meno yenye mikato mingi huyumba kama mswaki unaposukumwa mezani. Dereva huhisi usukani umekuwa mzito wa kuitikia. Gari linaingia kona kwa kuchelewa, kisha linaingia zaidi ya alivyotaka. Akikanyaga breki ghafla, gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama kuliko lingechukua kwa tairi la kiangazi. Na tairi lenyewe huisha haraka, kwa hiyo hata hesabu ya “bado sana” ni ya uongo.

Wengi hukubali haya kwa lami kavu, kisha wanasema: basi angalau mvua ikinyesha meno yale marefu yatasaidia. Hapo ndipo kosa linapogharimu maisha, na inafaa kukaa hapo kidogo.

Barafu na maji ni vitu viwili tofauti. Mikato myembamba ya studless iliundwa kufyonza utando mwembamba wa unyevu ulio juu ya barafu, gari likienda polepole. Mvua ya Kisumu ni jambo lingine. Mawingu hujikusanya mchana, ngurumo husikika jioni, na kwa dakika ishirini maji humwagika kama yamepinduliwa kutoka kwenye pipa. Mitaro hujaa na lami huwa mto. Kinachotakiwa hapo ni mifereji mipana na ya kina, inayozunguka tairi lote, iweze kusukuma maji mengi kando kabla mpira haujaifikia lami. Sehemu ya tairi inayogusa barabara ni kama kiganja cha mtu mzima tu. Viganja vinne ndivyo vinavyoshikilia gari zima, watu na mizigo. Maji yakishindwa kutoka chini ya viganja hivyo, tairi huelea. Gari linaloelea halina usukani wala breki, hata liwe limeshinda Safari Rally mara ngapi.

Watengenezaji wa Japani wenyewe huonya kwamba studless ni dhaifu kwenye barabara iliyolowa maji, na kwamba halifai kuendelea kutumika kiangazi. Onyo hilo mara nyingi liko kwa Kijapani, na ni nadra kufika kwa mnunuzi wa Kondele.

Ujerumani sheria inamtaka dereva awe na matairi ya baridi barabara inapokuwa na theluji au barafu, na wenyeji wana msemo wao wa kukumbuka: kuanzia Oktoba hadi Pasaka. Jamaa wa hapa walioko huko wanaujua vizuri. Ajabu ni kwamba kalenda hiyo hiyo inafaa Kisumu, kwa sababu nyingine kabisa. Oktoba huleta mvua za vuli, na Pasaka hukuta masika yameshaanza, Nyando imejaa na wakazi wa Ahero na uwanda wa Kano wanatazama kingo za mto kwa wasiwasi. Kwa hiyo mwenye gari wa hapa naye anafaa kuwa na tarehe ya kukagua matairi: mwisho wa Septemba, na tena mwisho wa Februari. Jambo la kwanza kuuliza tarehe hizo ni kama tairi linaweza kutoa maji.

Kulitambua tairi la theluji hakuhitaji mtaalamu. Mbali na neno STUDLESS au SNOW, kuna mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake. Majina pia husema: Blizzak ya Bridgestone, iceGUARD ya Yokohama, Winter Maxx ya Dunlop. Hayo ni matairi mazuri sana, kule yalikokusudiwa. Kisha kuna herufi ya mwisho kwenye namba za ukubwa. Studless nyingi za Japani zina herufi Q, yaani tairi limeidhinishwa kwa kasi isiyozidi kilomita 160 kwa saa. Gari la aina ya WRX kwa kawaida huvaa V, ambayo ni 240, au W, ambayo ni 270. Hakuna anayeruhusiwa kukimbia hivyo popote Kenya, na ndani ya miji kikomo ni 50. Herufi hiyo huonyesha pia kiasi cha joto ambacho tairi linaweza kuvumilia, na joto ndilo jambo la Kisumu.

Basi mwenye Subaru amekubali kununua matairi ya kiangazi. Hapo mtego wa pili unamngoja, na huu ni wa wale wenye pesa. Yapo matairi ya kiangazi yaliyotengenezwa kwa ajili ya kiwanja cha mashindano, yenye mifereji michache na uso karibu mtupu. Kwenye lami kavu yanashika kama gundi, na kwenye picha yanapendeza mno. Kwenye dimbwi la Nyamasaria saa moja jioni ni hatari sawa na yale ya theluji, pengine zaidi. Kwa barabara za hapa, mwenye gari la kasi na achague tairi la kiangazi lenye mifereji mitatu au minne mipana inayozunguka tairi lote, hata kama lile lingine lingempa mshiko kidogo zaidi siku ya jua. Siku ya jua gari lake lina mshiko wa kutosha kwa sheria za barabara hii. Siku ya mvua ndiyo inayompima.

Ubavuni mwa matairi mengi huwa na neno TRACTION likifuatiwa na AA, A, B au C. Hicho ni kipimo cha breki kwenye barabara iliyolowa, na AA ndiyo ya juu. TEMPERATURE nayo ina A, B au C. Hapa pia A ndiyo inayotakiwa. Tairi lililotengenezwa kwa soko la Ulaya huwa na kibandiko chenye mchoro wa wingu la mvua na herufi kutoka A hadi E. Duka likisema kibandiko kimepotea, mnunuzi anaweza kutafuta duka lingine. Oginga Odinga Street ina mengi na hayako mbali.

Ukubwa nao una mazungumzo yake. Tairi la 225/45R17 lina ubavu wa milimita 101 hivi. Ubavu mfupi huleta usukani mkali, na huleta pia rimu zilizopinda, kwa sababu shimo lililojaa maji halionekani. Pale ambapo breki za gari zinaruhusu rimu ya inchi 16, tairi la 205/55R16 lina kimo kinachokaribia kabisa kile cha kwanza, tofauti ya milimita mbili hivi kwa kipenyo, na ubavu wake ni milimita 113 hivi. Kilometa za spidomita hazibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kwa anayeendesha kila siku barabara za mitaa ya Manyatta au za ndani kuelekea Seme, nyongeza hiyo ya sentimita moja humwokolea rimu nyingi. Matoleo yenye breki kubwa za mbele, kama STI, hayakubali rimu ya 16. Hapo hakuna njia ya mkato.

Jambo moja la Subaru halina budi kusemwa wazi kwa sababu mafundi wengi hulipuuza. Gari hilo huendeshwa na magurudumu yote manne kwa pamoja. Tairi moja likiwa jipya na mengine yameisha, magurudumu huzunguka kwa mwendo tofauti na gia za katikati hufanya kazi ya kurekebisha bila kupumzika, mpaka zinaungua. Mtengenezaji anashauri mzingo wa matairi usitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Hiyo ni tofauti ya milimita 1 tu ya kina cha meno. Kwa hiyo desturi ya kununua mawili mapya ya mbele na kuacha ya theluji nyuma “mpaka mwisho wa mwezi” ina hasara mbili. Inaharibu gia, na kwenye mvua sehemu ya nyuma ya gari huteleza kabla ya mbele. Kwenye mteremko wa Riat kuja Mamboleo, lami ikiwa imelowa, nyuma ikishatangulia hakuna dereva wa kuirudisha.

Umri wa tairi husomwa kwenye tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 3219, tairi lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, lakini hakuna anayehakikisha kwamba matairi ni umri mmoja na gari. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka likishapita miaka 5, na lisitumike kabisa likifika 10, hata kama meno ni marefu. Mpira hukauka na kupasuka ndani kabla ya nje. Mwisho wa meno nao umewekewa alama: ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, na uso wa tairi ukivifikia, tairi limekwisha. Kwa mvua za huku ni busara kubadilisha mapema, meno yakibaki milimita 3.

Upepo hupimwa asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kipimo cha kukisia cha kibandani hakitoshi. Tairi lenye upepo kidogo huelea juu ya maji kwa kasi ndogo zaidi, na kwenye jua hupata joto zaidi. Ni jambo la dakika tano na senti chache.

Sasa kuhusu pesa, maana hapo ndipo mazungumzo ya matairi huishia kila mara. Aliyemaliza akiba yake kununua gari hawezi kuambiwa atoe papo hapo bei ya matairi manne mapya bila kuguna. Anayepanga kuagiza gari na aliweke jambo hili kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na ushuru na bima. Ambaye gari tayari liko mlangoni kwake na pesa hazipo, basi hadi atakapozipata, asilitoe mvua ikinyesha na asizidishe mwendo. Umbali wa kusimama haupandi sambamba na kasi. Kutoka 50 hadi 80 kwa saa, breki huhitaji zaidi ya mara mbili na nusu ya umbali. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko ya kumi, kwa kuwa vumbi na mafuta ya miezi mitatu bado yako juu ya lami. Na maji yakiwa yamevuka barabara kiasi cha kutoonekana kingo zake, kama hutokea Ahero, hakuna tairi la bei yoyote linalofaa kuyaingia.

Yale manne ya theluji yakishavuliwa, kishawishi ni kuyauza. Yana meno, na mnunuzi hatakosekana: mwenye Probox wa kubeba abiria na samaki kutoka Usenge atayachukua siku hiyo hiyo, na atapakia watu wanane juu yake. Aliyeyavua akijua sababu, kisha akamuuzia mwingine bila kusema, amehamisha ajali kutoka gari lake hadi gari lenye watu wengi zaidi. Mafundi wa akala wa Kibuye huyanunua matairi mazee, na tairi likishakatwa kuwa viatu haliwezi kurudi barabarani. Likiachwa nyuma ya nyumba, lisiwe limelala wazi. Litoboliwe au lifunikwe, maana tairi lililojaa maji ya mvua ni kitalu cha mbu, na kaunti hii ina mbu wa kutosha.

Mwishowe kuna tairi la akiba. Wengi hubadilisha manne na kulihifadhi moja la theluji ndani ya buti kwa ajili ya pancha. Pancha ikitokea usiku wa mvua karibu na Awasi, ndilo litakalofungwa, upande mmoja wa gari, na ndilo litakalolifikisha gari nyumbani au kulishinda njiani. Na hilo nalo litolewe.